Natua Bangkok mara ya kwanza na shangazi, siku sita tu, naombeni mwongozo

Binti_Gerezani:
Habarini wapendwa. Mie nauza magauni na vitopu Kariakoo, miaka yote nachukua kwa watu wanaoleta, sasa nimesema liwalo na liwe naenda mwenyewe kuliona hilo soko la nguo la Pratunam huko Thailand wanaloliimba kila siku. Naenda mwezi wa tisa na shangazi yangu, ndo mwenye mtaji kwa kweli, ana miaka 61 na magoti yanamsumbua. Viza tumeshapata. Sasa tukae wapi, airport tunatokaje, tule nini maana sisi Waislamu, na hela tubebeje? Kuna mtu kaniambia kaeni Nana kuna Waarabu, mwingine anasema Pratunam. Msinicheke jamani.

mzee_wa_transit:
Dada karibu. Kwanza kadi ya njano ya homa ya manjano usiisahau, na chanjo iwe imeshapita siku 10. Mkishuka airport ya Suvarnabhumi msikimbilie foleni ya uhamiaji, tafuteni kwanza dawati la afya wakague kadi wawagongee muhuri, mie nilipanga foleni dakika arobaini nikafika dirishani nikarudishwa nyuma kama mtoto aliyesahau daftari. Alafu kuna fomu ya kuingilia nchini inajazwa mtandaoni, TDAC, ilianza Mei 2025, mnaijaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni BURE. Ukiona tovuti inakudai dola ujue umeingia kwa matapeli.

Kutoka airport kuna treni iko chini kabisa ya jengo, shukeni Ratchaprarop, hapo Pratunam mnatembea. Haifiki hata baht 50 (baht ndo hela yao) kwa mtu. Ila na mabegi na magoti ya shangazi mie ningechukua teksi, ghorofa ya kwanza kuna mashine inatoa karatasi yenye namba ya teksi yenu. Ni mita, inaanzia baht 35, juu yake baht 50 ya airport na hela ya barabara ya kulipia. Dereva akisema "no meter" shukeni.

dada_pemba:
Mie nilikaa Nana, Sukhumvit Soi 3, na sijutii. Shawarma, biriani, wali wa Kiyemeni mpaka usiku wa manane, unasikia Kiarabu na Kiswahili vilevile.

kipara_wa_mzigo:
@dada_pemba sikupingi kwa chakula, ila huyu anafata mzigo na ana siku sita. Kila asubuhi utoke Nana uje Pratunam kwenye ile foleni ya magari, jioni urudi na viroba, siku ishaisha. Kaeni Pratunam hapohapo. Halali ipo, nendeni Phetchaburi Soi 7, kuna msikiti wa Darul Aman na migahawa ya Waislamu imejipanga pale uchochoroni, sio mbali. Kwingine tafuta ile alama ya halali ukutani, hata kwenye pakiti za maduka ya 7-Eleven ipo. Shika maneno mawili: "moo" ni nguruwe, na "mai phet" ni usiweke pilipili. La pili hilo wataweka tu, ila kidogo 😂

Mzigo sasa. Platinum ni jengo, lina kiyoyozi na ngazi za umeme, shangazi atafurahi. Maduka mengi ukichukua pisi tatu unapewa bei ya jumla, na mara nyingi wanakubali uchanganye rangi, uliza kwanza. Nje yake soko la Pratunam lenyewe ni joto na kusukumana ila bei inashuka. Bobae ndo jumla kwelikweli, huko watu wananunua kwa dazeni. Vikorokoro vya hereni, vibanio, mikufu ni Sampeng kule Chinatown, treni ya chini ya ardhi inashuka Wat Mangkon. Chatuchak ni kubwa mno ila ni ya wikiendi na ya kutalii zaidi, usipoteze siku.

Binti_Gerezani:
Asanteni sana jamani mmenifungua macho. Na hela?

kipara_wa_mzigo:
Dola za mia mia, mpya, zisizo na mkunjo, mhuri wala alama ya kalamu. Noti za ishirini na hamsini wanakupa rate ya chini. Airport badili kidogo tu ya teksi, zingine badili mjini kwenye maduka ya fedha, paspoti mkononi. ATM kila ukitoa wanakata zaidi ya baht 200, inauma.

Kingine usichoambiwa: kago ya ndege haiangalii kilo peke yake, inaangalia na ukubwa wa kifurushi, na nguo ni nyepesi ila zinajaza. Nyonya hewa, bana, funga vizuri.

chuma_cha_pua:
Nyie mnaongea mzigo tu, ngoja niseme la bajaji. Mwaka wa kwanza nafika Grand Palace, ile ikulu yao ya watalii, jamaa shati jeupe limepigwa pasi kanifata Kiingereza safi, "leo imefungwa kuna ibada, ila kuna bajaji itakutembeza masaa mawili kwa baht 20". Mtu wa Bongo baht 20 nikaona nimeokota! Nikapelekwa kwa fundi suti, kisha duka la vito, muuzaji ananiapia jiwe lile nikiuza nyumbani napata mara tatu. Mimi! Mtoto wa Mererani, nauziwa jiwe! Nilicheka mpaka dereva akakasirika akaniacha barabarani. Ikulu ilikuwa wazi siku nzima. Kiingilio baht 500, mjifunike mabega na magoti, nyie hapo hamna shida. Na mfalme wao msimtanie hata kwa utani, ni kesi ya jela.

mzee_wa_transit:
Mwezi wa tisa ni mvua, dada. Inanyesha jioni kama ndoo imemwagwa na barabara zinajaa maji, ununuzi mmalize kabla ya saa kumi. Bobae mnaweza kwenda na boti ya mfereji wa Saen Saep, haina foleni, nauli ya peremende. Ila haisimami sana, unaruka, na konda anatembea ukingoni nje ya boti amevaa helmeti.

Binti_Gerezani:
Shangazi nimemsomea uzi wote. Kakubali Platinum, kakubali Soi 7, dola kaziweka chini ya godoro zisikunjike. Boti kasema hapandi.

dada_pemba:
Mwambie ukitaka kukaa katikati unakaa, maji machafu yanawarukia wa pembeni tu.

Binti_Gerezani:
Hapo ndo umeharibu kabisa 😂😂 tunaenda Bobae na teksi.