Vikumbusho vya kalenda havionekani simu ikiwa imefungwa

Mama Vifaranga, Kihonda

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaomba msaada kuhusu simu yangu, ambayo imeacha kunionyesha vikumbusho vya kalenda wakati kioo kimefungwa. Inatumia Android 13, na kwa miezi mingi ilikuwa ikinikumbusha vizuri bila mimi kubadilisha chochote.

Nafuga kuku chotara, nina makundi matatu yenye umri tofauti, na kila kundi lina ratiba yake ya chanjo kama nilivyoandikiwa na afisa mifugo: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kisha kurudia kideri siku ya 21 na gumboro siku ya 28. Kwa kila chanjo nimeweka vikumbusho viwili. Cha kwanza ni cha saa 12:10 jioni ya siku inayotangulia, ili nigandishe barafu ya kubebea chupa ya chanjo kutoka dukani, na cha pili ni cha saa 12:30 asubuhi, ili niondoe vinyweo bandani na vifaranga wapate kiu kabla ya kuwekewa maji ya chanjo. Dawa hiyo ikishachanganywa haisubiri mtu. Inatakiwa inywewe yote ndani ya saa mbili hivi.

Wiki iliyopita kundi la pili lilifikisha siku 14, nami sikuona kikumbusho hata kimoja. Siku ya 16 nilifungua kalenda ili niandike jambo lingine, na papo hapo vikumbusho vitatu vikaingia kwa mpigo, vyote vya siku zilizokwisha kupita. Niliwachanja siku hiyohiyo, lakini moyo haujatulia. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba kuna siku nyingine ambapo kioo kilichofungwa hakionyeshi kitu, lakini nikiifungua simu na kuvuta kidole kutoka juu kushuka chini, nakikuta kikumbusho kimekaa pale kimya. Nimekwisha kuizima na kuiwasha simu, nimeongeza sauti, nimesasisha programu ya kalenda, na hali ni ileile.

Karani wa Ushirika

Pole sana, mama. Kabla ya yote, hakikisha saa uliyoiandika ndiyo uliyoikusudia. Mimi nilikosa kikao cha wanachama kwa sababu nilitaka kukumbushwa saa tatu asubuhi, nikaandika 3:00 kama ninavyotamka, na simu ikaelewa kuwa ni saa tisa usiku. Usiku simu yangu huingia kwenye hali ya Usinisumbue kwa ratiba, hivyo kikumbusho kilikuja bila sauti nami nikakifuta asubuhi pamoja na arifa nyingine bila kukisoma. Saa 12:10 jioni yako inatakiwa iandikwe 18:10, au 6:10 ikiwa na alama ya jioni. Angalia pia kama ukanda wa saa wa simu umewekwa ujirekebishe wenyewe.

Fundi Simu, Tandika

Mama Vifaranga, shikamoo. Maelezo yako yamenisaidia sana, kwa sababu umetaja dalili mbili ambazo wateja wengi huzichanganya, na mimi naona simu yako ina maradhi mawili kwa wakati mmoja. Kikumbusho unachokikuta ndani baada ya kufungua simu kilifika kwa wakati wake, ila kilizuiwa kuonekana kwenye kioo kilichofungwa. Vile vitatu vilivyoingia kwa mpigo ulipofungua kalenda havikuwa vimefika kabisa. La kwanza linatokana na mipangilio ya arifa, la pili linatokana na betri, na tiba ya moja haiponyi lingine. Ndiyo maana mtu anaweza kubonyeza kila kitufe kwenye mipangilio na asipate nafuu.

Nakusihi usibadilishe chochote kwanza. Ingia Mipangilio, kisha Arifa, utafute Historia ya arifa na uiwashe. Kitu hiki kimo kwenye Android tangu toleo la 11 la mwaka 2020, lakini mara nyingi huwa kimezimwa, na katika baadhi ya simu kimewekwa ndani sana, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuandika neno "historia" kwenye sehemu ya kutafutia iliyo juu ya Mipangilio. Ukikiwasha, kuanzia hapo simu itaandika kila arifa inayoingia pamoja na muda wake na kuitunza kwa saa 24, hata kama uliifuta. Kisha weka matukio mawili ya majaribio, moja la baada ya dakika kumi na jingine la baada ya saa mbili. Ifunge simu, iweke mezani bila chaji, na usiiguse hadi muda wa tukio la pili upite kwa nusu saa nzima.

Sababu ya kutaka ikae mezani bila chaji ni hii. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ambayo haisogezwi, haiko kwenye chaji na kioo chake kimezima huingia katika usingizi mzito ili kuokoa betri, na kengele za kawaida za programu, yaani miadi ambayo programu hujiwekea ili iamke, huahirishwa hadi simu iamke kidogo kwa vipindi, na vipindi hivyo huachana zaidi kadiri inavyoendelea kulala. Ukiinyanyua na kuwasha kioo, yaliyoahirishwa huingia. Programu iliyotengenezwa vizuri ina njia halali ya kuomba kengele yake ipite katikati ya usingizi huo, lakini watengenezaji wengi wa simu huongeza ukali wao juu ya huo wa Android. Kwa hiyo mtu anayesema "vikumbusho huja vizuri usiku nikiwa nimechaji, ila mchana vinachelewa" amekwisha kunieleza ugonjwa kabla sijaishika simu.

Ukisoma historia, linganisha muda wa arifa na muda wa tukio. Ikilingana, shughulika na kioo kilichofungwa peke yake. Ikionyesha dakika ileile uliyoinyanyua simu, shughulika na betri. Nijibu ulichokiona, na tafadhali niambie kama una programu yoyote ya kusafisha simu au kuongeza kasi.

Mama Vifaranga, Kihonda

Marahaba, mwanangu, na ahsante sana. Nimefanya kama ulivyoagiza. Kikumbusho cha dakika kumi kimeandikwa kwenye historia kwa dakika yake hasa, lakini kioo hakikuonyesha kitu. Nilikuwa nimekaa mbele yake nikikitazama. Cha saa mbili kilitakiwa kuja saa 10:15 jioni, na historia inasema kilikuja saa 10:46, wakati nilipoinyanyua simu. Kwa hiyo ni kweli ni maradhi mawili.

Kuhusu programu ya kusafisha, ipo. Kijana wa dada yangu aliniwekea wakati simu ilipokuwa ikijaa, na kila usiku hutoa maandishi kwamba imefunga programu kadhaa ili kuongeza nafasi. Sikuwahi kufikiri kwamba kalenda ilikuwa mojawapo ya zinazofungwa.

Fundi Simu, Tandika

Hapo ndipo vile vitatu vya mpigo vilipotokea. Kuna tofauti kubwa kati ya programu iliyolala na programu iliyolazimishwa kusimama. Iliyolala huchelewa, iliyolazimishwa kusimama hufutiwa kengele zake zote ilizoziweka, na haiwezi kuzipanga tena mpaka mwenye simu aifungue kwa mkono wake. Wewe ulipoifungua kalenda siku ya 16, ndipo ilipopata nafasi ya kuangalia yaliyopita na kukuletea yote. Kuna simu ambazo hata kuiondoa programu kwa kuitelezesha kutoka kwenye orodha ya zilizofunguliwa karibuni huleta madhara hayohayo, kwa hiyo jizuie kuifagia kalenda kutoka hapo.

Nashauri uiondoe kabisa hiyo ya kusafisha. Android hupanga memori yake yenyewe, na nafasi ya kuhifadhia utaipata zaidi kwa kufuta video za zamani kuliko kwa kufunga programu. Baada ya hapo nenda Mipangilio, Programu, chagua kalenda yako, ingia Betri, na uchague iachwe itumie betri bila vikwazo. Kama simu yako ina orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, iweke kalenda humo. Usiogope kwamba itamaliza chaji. Kalenda huamka kwa sekunde chache tu.

Sasa kioo kilichofungwa. Sehemu ya kwanza ya kuangalia ni Mipangilio, Arifa, kisha arifa kwenye skrini iliyofungwa. Hapo kwa kawaida kuna uchaguzi wa kuonyesha yote, kuficha maudhui nyeti, au kutoonyesha kabisa. Kwa kuwa sijasikia ukilalamika kuhusu ujumbe wa watu au simu ulizokosa, nahisi hapo pako sawa, na kosa liko ndani zaidi. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, arifa za programu moja hugawanywa katika aina, na kila aina ina mipangilio yake. Ukibonyeza arifa kwa muda mrefu, unaulizwa kama iwe ya kawaida au ya kimya, na mtu akiwa anaifuta kwa haraka, kidole kikikaa kidogo, anaweza kuchagua kimya bila kukusudia. Arifa ya kimya haitoi sauti, na katika simu nyingi kuna kitufe kingine kinachozuia arifa za kimya zisionekane kwenye kioo kilichofungwa. Programu yenyewe haina mamlaka ya kubatilisha chaguo lako, ndiyo maana kusasisha kalenda hakukusaidia. Fungua Programu, Kalenda, Arifa, uguse aina inayohusu matukio, na uirudishe kuwa ya kawaida.

Mama Vifaranga, Kihonda

Nimeikuta! Aina ya matukio ilikuwa imewekwa Kimya, na zile nyingine za kalenda zote zilikuwa za kawaida. Nimeirudisha, nimeondoa programu ya kusafisha, na betri nimeiachia bila vikwazo. Jana jioni saa 12:10 nilikuwa nachekecha pumba, simu ikiwa juu ya gunia hatua chache kutoka nilipo, nikasikia mlio na kioo kikawaka chenyewe kikiwa na maneno "Kundi la 3, gandisha barafu". Leo asubuhi cha saa 12:30 nacho kimekuja kwa dakika yake.

Mpenda Saa

Nimefurahi kusikia hivyo, ila mimi nisingeitegemea kalenda peke yake kwa jambo lenye hasara ya namna hii. Siku ya 7, 14, 21 na 28 zote huangukia siku ileile ya wiki. Kundi lililototolewa Jumanne huchanjwa Jumanne zote nne, kwa hiyo kengele ya saa ya kila Jumanne inatosha, nayo huendelea kulia kwa muda, si mlio mmoja kama wa arifa.

Fundi Simu, Tandika

Hoja yako ni nzuri kwa kikumbusho cha asubuhi, na naomba Mama Vifaranga aiweke kama akiba. Ina faida nyingine ambayo haijatajwa. Simu ikizima, iwe chaji imeisha au umeme umekatika usiku ikiwa na chaji kidogo, kengele zote zilizopangwa na programu hufutika, na kila programu inapaswa kuzipanga upya simu inapowaka. Lakini baada ya kuwaka, programu za kawaida husubiri mpaka uifungue simu mara ya kwanza kwa namba ya siri au mchoro, kwa sababu kabla ya hapo data zake zimefungwa. Simu iliyowashwa na kuachwa mezani bila kufunguliwa haitaonyesha kikumbusho cha kalenda hata mipangilio yote ikiwa sahihi. Programu ya saa inayokuja na simu kwa kawaida imetengenezwa iweze kulia hata katika hali hiyo. Kwa hiyo kila simu inapowaka upya, ifungue mara moja ndipo uiweke chini.

Hata hivyo kengele ya saa haitakuambia ni kundi gani, ni chanjo ipi wala ni chupa ngapi, na kwa makundi matatu yanayopishana, hayo ndiyo unayoyahitaji uyasome kwenye kioo.

Anayeuguza Nyumbani

Naomba niongeze swali langu hapa, kwa kuwa linahusu jambo hilohilo. Namuuguza ndugu yangu, na kalenda yangu ina vikumbusho vya dawa zake na siku zake za kliniki. Nataka vionekane kioo kikiwa kimefungwa, lakini simu hukaa sebuleni, na sipendi kila mgeni asome habari za mgonjwa. Nikichagua kuficha maudhui nyeti, naona tu kwamba kalenda ina arifa bila kujua inahusu nini, na mara mbili nimedhani ni jambo dogo nikaliacha.

Fundi Simu, Tandika

Mpe pole mgonjwa wetu. Katika hali yako acha kioo kionyeshe maudhui yote, na ubadilishe unavyoandika. Kinachotokea kwenye kioo kilichofungwa ni kichwa cha tukio pamoja na muda na mahali. Sehemu ya maelezo hubaki ndani mpaka ufungue tukio lenyewe. Andika kichwa ambacho wewe unakielewa na mgeni hakimwambii kitu, kwa mfano "Zamu ya saa mbili", na majina ya dawa, kiasi chake na namba ya kliniki uyaweke kwenye maelezo. Sehemu ya mahali iache wazi, maana jina la hospitali likiandikwa pale litaonekana.

Na kama kalenda hiyo mnaitumia pamoja na ndugu wengine wanaopokezana uuguzi, kila mmoja aweke muda wa kukumbushwa katika simu yake mwenyewe. Tukio husafiri kwenda kwa wote mnaoshirikiana kalenda, lakini kikumbusho ulichojiwekea wewe hakiwafuati wao.