Kamera ya kifuani: chipu gani haitamaliza betri?

Wakuu, naomba msaada. Natengeneza kamera ndogo ya kuvaa kifuani. Shemeji yangu ni bodaboda, anataka irekodi masaa manne bila kuchajiwa. Nimetumia ubao mdogo wa Linux: picha safi ya 1080p, lakini mita inasoma karibu 400 mA kwa volti 5. Betri ni 2000 mAh, volti 3.7. Ilidumu masaa matatu na kidogo, na kasha likapata moto hadi shemeji akasema nimemvisha pasi ya mkaa.

—Hesabu inakukataa mkuu. Betri ina wati-saa (Wh) 7.4, ubao unakula wati 2: masaa 3.7 tu, na kipandisha volti, cha kutoa 3.7 kwenda 5, nacho kinachukua chake. Shusha iwe 720p, zima Wi-Fi.

—Chipu ya ESP32-S3 je? Bei yake poa.

—Hiyo haina saketi ya kubana video kwa H.264, mfumo wa kupunguza ukubwa wa faili. Utabaki na picha za JPEG moja moja mfululizo, kadi inajaa chap. Mimi ningechukua Rockchip RV1103. RAM ya MB 64 imo humo humo kwenye chipu, na video za H.264 na mrithi wake H.265 zinabanwa na saketi yake maalumu, CPU inapumzika. Umeme unaokolewa hapo. Ubao wa Luckfox Pico Mini unaitumia. Ila hakikisha sensa ya kamera ina draiva (programu ya kuiendesha) kabla hujalipa!

—Asante, naagiza. Shemeji anauliza kama nayo inachoma. Nimemwambia avae koti kwanza.