Uliyewahi kuteleza kwenye theluji (ski), njoo tupeane uzoefu (wa nyanda za juu kusini hasa)

Wadau habari za baridi. Leo asubuhi hapa Makete nimekuta viazi vimeungua na baridi, majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, nikakumbuka Zermatt, kule Uswisi.

Nilienda Uswisi kimasomo, mwezi wa pili tukapelekwa kuteleza, nami nikajisemea mtoto wa Makete baridi itanifanya nini. Nikavaa jaketi langu la mtumba la Mwanjelwa, lina kimfuko kidogo kwenye mkono wa kushoto, miaka yote naweka humo hela ya bodaboda. Kufika kwenye geti la kupandia mlimani wenzangu wanapita tu hawatoi kadi ya kupandia, geti linafunguka lenyewe, mie nimeganda pale najipekua suruali nzima na foleni nyuma imejaa. Mzee mmoja akanigonga kile kimfuko, kadi inakaa hapa! Kumbe geti linaisoma humo humo. Na ndani lilikuwaga na kitambaa cha kubana kiunoni, fundi alishakikata zamani eti cha nini. Kilikuwa cha kuzuia theluji isipande mgongoni ukianguka, na siku ile nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu.

Ila raha jamani. Anga jeupe, mlima Matterhorn huo hapo mita 4,478, na kule juu kuna barafu la kudumu so hata kiangazi watu wanateleza. Mjifunzaji kaa njia za bluu, ndo rahisi, nyekundu waachie wenyewe, nyeusi usiziangalie kabisa.

Dereva_Tunduma: Mkuu mbona mbali hivyo, mi nimeteleza Lesotho. Nilishusha mzigo Jozi (Johannesburg), jamaa yangu akanibeba mpaka Afriski, kituo chao cha kuteleza, iko juu ya mita 3,000 na msimu wao ni huu huu wa baridi yetu, mwezi wa 6 mpaka wa 8. Theluji nyingi wanaitengeneza wenyewe, mashine inarusha maji usiku baridi ikikaza, asubuhi unakuta mlima una mstari mweupe pembeni majani makavu ya kahawia kama Kitulo tu. Ticha anakwambia kutanisha ncha za mbele za zile mbao za miguuni, visigino nje, ndo breki hiyo. Mi breki yangu ilikuwa wavu.

Mama_Chai_Mufindi: Mie Japani, Niseko kule Hokkaido. Msitegemee jua, uhakika wa kule ni theluji kuanguka karibu kila siku. Upepo unatoka Siberia mkavu, ukivuka bahari unabeba unyevu, ukigonga milima unamwaga, yaani kama Ziwa Nyasa linavyoinyeshea Tukuyu. Ni nyepesi kama unga wa sembe, ukianguka huumii, shida ni kunyanyuka maana hupati pa kushika. Mabuti yanabana miguu jamani, kwenye ngazi nilikuwa natembea kama mtoto anayeanza.

Kijana_Igawilo: Nauliza tu, kuungua jua ni kweli?

Mleta mada: Kweli kabisa mdogo wangu, theluji inalirudisha jua usoni. Nilirudi bwenini na uso wa rangi mbili, alama ya miwani wiki nzima. Weusi peke yake hautoshi, paka mafuta ya kukinga jua.

Kijana_Igawilo: Sawa bro. Halafu nimeenda kukagua jaketi langu la Mwanjelwa sasa hivi, kimfuko kipo. Ndani nimekuta kadi ina maandishi ya Kijerumani 😂