Mgeni wa siku mbili Dar: Posta au Mwenge?

Msafiri wa Daladala: Wakuu, nina ubishi na mama watoto na nimeapa kuuleta hapa. Shemeji yangu anakuja kutoka Mwanza na watoto wawili, hajawahi kufika Dar. Anakaa Jumamosi na Jumapili, Jumatatu alfajiri anapanda basi Mbezi. Mama watoto anasema mgeni ambaye hajafika Posta, katikati ya mji, hajafika Dar: sanamu ya Askari, Kivukoni, kanisa la Azania Front, picha mbili tatu, basi. Mimi nasema Posta siku ya Jumapili ni mabenki yaliyofungwa na walinzi wanaosinzia. Mji umehamia huku nje, upande wa Mwenge. Asubuhi Kijiji cha Makumbusho, watoto waingie kwenye msonge wa Wahaya na tembe ya Wagogo. Mchana Mlimani City, watu wapate kiyoyozi. Jioni mnapanda Chuo Kikuu mnakaa kwenye nyasi. Maduka, utamaduni, miti, vyote ndani ya kilomita chache. Nakosea wapi?

Mzee wa Posta: Kijana, unakosea pale ulipoita Mlimani City mji. Lile ni duka lenye paki ya magari. Mji ni mahali pa kutembea kwa mguu. Bustani ya Mimea ipo tangu Mjerumani, 1893. Jirani yake Makumbusho ya Taifa, yenye fuvu la Zinjanthropus, yule jamaa wa kale wa binadamu. Karimjee pale pale, walipokaa wabunge wa kwanza wa nchi hii. Ukichoka, hatua chache upepo wa bahari huo. Huko Mwenge utatembea wapi, katikati ya bodaboda?

Chura wa Msimbazi: Fuvu si liko Nairobi?

Mzee wa Posta: Liko Dar. Mary Leakey alilipata Olduvai 1959, likapelekwa kwa wataalamu, likarudi nyumbani. Kijana soma.

Chura wa Msimbazi: Shikamoo mzee. Nimeuliza tu.

Bint Sinza: Mtoa mada, mpeleke Mwenge, Posta akaifanye nini. Ila msisahau kupita soko la Vinyago, shemeji abebe zawadi. Awe macho tu, maana nusu ya mpingo wa pale ni mti wowote uliopakwa kiwi ya viatu, hahaha.

Mchora Ramani: Kabla hamjaenda mbali. Mtoa mada ametaja sehemu tatu. Kijiji cha Makumbusho unalipa kiingilio. Mlimani City ni ardhi ya Chuo iliyokodishwa kwa mwekezaji. Chuo chenyewe kina geti, siku mlinzi akikuuliza unaenda kwa nani utamjibu nini? Kuanzia Mwenge, Sinza hadi Kijitonyama, nitajieni bustani moja ya umma ambayo mtoto wa mpangaji wa chumba kimoja anaingia bure na kucheza mpira bila kufukuzwa. Mji wa kuishi unaanzia hapo, hauanzii kwenye maduka.

Fundi Patasi: Dada Bint Sinza, hiyo nusu uliihesabu lini?

Bint Sinza: Kaka utani tu jamani.

Fundi Patasi: Utani huo ndio unatulaza njaa. Nimekulia kwenye banda la vinyago. Mzee wangu ni Mmakonde, vidole vyake ukivitazama utadhani alipigana na chui, kumbe ni tezo na patasi, miaka yote hiyo. Sasa nisikilizeni. Kiwi tunapaka, sikatai. Tunapaka kwenye mpingo wenyewe, baada ya msasa, ung'ae. Anayepaka mti mweupe aonekane mpingo ni mwizi kama wezi wengine, na hata Kariakoo wapo wanaouza simu za maboksi.

Mpingo haukufichi kitu ukijua kuuangalia. Kwanza unyanyue: kinyago cha urefu wa kiganja tu kinakuvuta mkono kwenda chini. Pili kigeuze, tazama kitako pale msumeno ulipopita. Weusi uende mpaka ndani, na ukikwaruza kidogo kwa ukucha wa chuma utoke unga mweusi wenye uzambarau. Tatu, ukiona ukanda wa manjano pembeni usikimbie. Hilo ni tabaka la nje la mti, chini ya gome, fundi ameliacha makusudi. Mwizi wa rangi hapaki nusu. Na ukitaka ushahidi wa mwisho, tia kwenye maji. Mpingo unazama kama jiwe.

Kiroboto: Kwa hiyo mnapaka.

Fundi Patasi: Umesoma ulichotaka kusoma.

Kiroboto: Nimesoma "kiwi tunapaka, sikatai". Ni maneno yako mkuu.

Bint Sinza: Sasa kwa kuwa umenikalia kooni, acha niseme. Nilinunua kinyago cha shetani, kile chenye jicho moja na mdomo umepinda, nikampelekea mama mkwe wakati naenda kujitambulisha. Akakiweka juu ya kitambaa chake cheupe cha kudarizi, kwenye kabati la vyombo. Masika ilipokuja bati likavuja. Kitambaa kikawa kama kimefutia masufuria. Mwaka wa sita huu naitwa "yule binti wa kiwi". Kwa hiyo usiniambie nimehesabu lini.

Fundi Patasi: Pole. Ulikigeuza kitako kabla ya kulipa?

Bint Sinza: Nani anageuza shetani kitako mbele za watu?

Chura wa Msimbazi: Hahahaha mada imeisha.

Mzee wa Posta: Mmeona wenyewe. Huo ndio utamaduni wa mji wenu mpya. Askari wa shaba yuko pale Samora tangu 1927, mvua ngapi zimempiga, hajachuja.

Fundi Patasi: Mzee wangu, kwa heshima zote, huyo Askari alitengenezwa Uingereza na kuwekwa na Waingereza. Kinyago cha ujamaa, watu wamebebana kutoka chini hadi juu kwenye gogo moja, kimechongwa na mtu wa Mtwara mwenye jina na ukoo. Kipi ni utamaduni wetu?

Mzee wa Posta: Askari ni kumbukumbu ya babu zetu waliokufa vita vya Mjerumani na Mwingereza, na wabeba mizigo wao ndio walioacha jina Kariakoo. Usidharau makaburi.

Fundi Patasi: Sijadharau kaburi. Nimejibu la kuchuja.

Mama Tunu: Wanangu, mnabishana kitako cha kinyago, hakuna aliyeuliza hao watoto watajisaidia wapi. Mimi nilizunguka Posta Jumapili na mjukuu anabana miguu, kila mlango kufuli. Mlimani City choo kipo, maji yapo. Mwisho wa mjadala kwangu.

Kiroboto: Mama Tunu apewe Wizara.

Mchora Ramani: Narudia swali langu. Bustani ya umma. Moja.

Kiroboto: Wewe unakaa Masaki nini? Sisi tunacheza mpira popote.

Mchora Ramani: Nakaa Kijitonyama, na kiwanja tulichochezea kina ghorofa sasa. Ndiyo maana nauliza.

Chura wa Msimbazi: Ukienda Chuo mwonyeshe shemeji Nkrumah Hall, ile ya kwenye noti ya 1000.

Bint Sinza: Noti ya 500 wewe. Ile yenye nyoka. Ya 1000 ina Ikulu.

Chura wa Msimbazi: 500 si sarafu?

Bint Sinza: Sarafu imekuja 2014. Kabla yake ilikuwa noti. Umezaliwa lini mdogo wangu?

Msafiri wa Daladala: Wakuu, nimerudi. Mgeni keshaondoka. Tulifanya siku moja moja. Jumamosi Mwenge, Jumapili basi la mwendokasi kutoka kituo cha Morocco hadi Kivukoni. Mzee wa Posta, Bustani ya Mimea watoto waliipenda sana, walikataa kutoka. Ila Mama Tunu naye alisema kweli, yaliyotukuta Samora sitayaandika hapa. Chuoni tumbili alimnyang'anya mdogo andazi, akapanda nalo mtini akalila anatutazama. Nimemuuliza yule mtoto kipi kilikuwa kizuri kuliko vyote Dar, akasema tumbili. Na Mwanza kwao wamo tele.

Mchora Ramani, mlinzi wa getini hakutuuliza. Lakini nilijiandaa kusema naenda kwa profesa.

Mchora Ramani: Ndicho nilichokuwa nasema.

Fundi Patasi: Vinyago mlipita?

Msafiri wa Daladala: Tulipita. Shemeji alichukua kimoja cha ujamaa, mimi nikachukua kingine cha nyumbani. Nilikigeuza kitako kama ulivyofundisha, muuzaji akacheka. Jana usiku mama watoto akasema tukitie kwenye beseni tumalize ubishi.

Bint Sinza: Na?

Msafiri wa Daladala: Kimezama. Ila maji yamebadilika rangi.

Kiroboto: HAHAHAHA

Fundi Patasi: Rangi gani mkuu? Nyeusi au zambarau?

Msafiri wa Daladala: Beseni lenyewe ni la bluu.