Nimepigwa laki tatu kasoro: Spitfire Mk IX yenye tumbo la Mk V, halafu naambiwa "we shika uone uzito"

Wakuu habari za Jumapili, mimi yangu si nzuri. Nina hasira na uzi ni mrefu, kwa hiyo kama umekuja kuniambia "si mdoli tu huo mzee mzima" pita kimya kimya, hayo nimeshaambiwa na mama watoto na anatosha.

Iko hivi. Nakusanya midoli ya ndege za kivita ya daikasti, yaani ya chuma cha kumwaga kwenye kalibu, skeli ya 1:72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, mwaka wa saba sasa, kabati ninalo. Siku zote nilikuwa natafuta Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, Mk IX (Mk ni toleo, hili ni la tisa, Mk V ni la tano) ya rubani Mwingereza Johnnie Johnson, ile EN398 yenye herufi JE-J ubavuni, aliyokuwa anairusha 1943 akiwaongoza marubani Wakanada pale Kenley kusini mwa London. Kwa wasiomjua, huyu bwana alimaliza vita na ndege 34 za adui alizoziangusha peke yake, na hizo JE-J ni herufi za jina lake mwenyewe, James Edgar, kiongozi wa kikosi aliruhusiwa kuandika jina lake badala ya herufi za utambulisho za skwadroni. Basi akatokea muuzaji mmoja hapa hapa Dar, simtaji, analeta hivi vitu kutoka nje, akaweka picha ya boksi. Boksi zuri, lina cheti, lina namba ya toleo maalumu, 1943 imeandikwa kubwa. Nikatuma hela asubuhi, mchana bodaboda akaleta, nikampa na ya soda kwa furaha. Mjinga mimi.

Nimefungua, cha kwanza naona mistari mipana myeusi na myeupe kwenye mabawa na mkiani. Moyo ukapiga paa. Hiyo mistari ilipakwa kwa ajili ya uvamizi wa Normandy kule Ufaransa, amri ilitoka siku chache kabla ya tarehe 6 Juni 1944, ili askari wa chini wasizitungue ndege za wenzao. Ndege ya 1943 imeipata wapi mistari ya 1944? Nikasema sawa, bahati mbaya, labda mchoraji kachanganya na ndege nyingine ya Johnson ya mwaka uliofuata, rangi ni rangi, naweza kuishi nayo. Nikaigeuza.

Jamani tumbo lile.

Naomba nieleze taratibu maana hapa ndipo penye kesi. Spitfire Mk V ukiilaza chali ina rejeta (ya kupooza injini) moja kubwa ya boksi chini ya bawa la kulia, na chini ya bawa la kushoto ina kidude chembamba cha kupoozea oili. Hazilingani, upande mmoja mnene upande mmoja mwembamba. Mk IX ilifungwa injini ya Merlin 61, ile yenye supachaja (kisukuma hewa ndani ya injini) ya hatua mbili, inatoa joto zaidi inahitaji upoozaji zaidi, ndiyo maana ina boksi mbili zinazolingana, kulia na kushoto. Mtoto wa darasa la nne ukimwonyesha picha mbili anakutenganishia. Yangu ina boksi moja na kidude kimoja. Mk V kabisa! Mbele wamechomeka propela ya panga nne ya Mk IX wakaona yameisha, nani atageuza.

Nikahesabu ekzosi, zile bomba za moshi ubavuni mwa pua. Mk IX ina sita kila upande. Yangu tatu.

Nikachukua vania kalipa, kile kipimo cha milimita, ya shemeji yangu fundi. Mk IX halisi ina urefu kama mita 9.47, ukigawa kwa 72 unapata milimita 131 na kitu. Mk V ni mita 9.12, inakuja kama 127. Nimepima mara tatu, mara ya tatu nimemwita kijana wangu apime yeye nisije nikawa najidanganya kwa hasira. 127. Upana wa mabawa uko vizuri, 156, lakini huo ni uleule kwa zote mbili kwa hiyo hausaidii kitu. Maana yake ni kwamba hawa watu wana kalibu moja ya Mk V, wanaitoa hiyohiyo kila mwaka, wanabadilisha propela na boksi la kufungashia halafu bei inapanda.

Sasa sikilizeni majibu. Nimempigia muuzaji, kwa heshima kabisa, nikamwambia kaka hii siyo Mk IX. Akacheka. "Boss wangu, umeishika? Umeona uzito wake? Hicho ni chuma, siyo plastiki." Nikamwambia nimeishika, nimeipima pia. Akaniambia nisubiri, nadhani kaenda kusoma mtandaoni, karudi baada ya nusu saa na voisi noti ya dakika nne kwamba Mk IX yenyewe ilitokana na Mk V, Waingereza walichukua bodi ya Mk V wakatia injini mpya, kwa hiyo "kimsingi ni ndege moja boss".

Hapo ndipo damu ilipopanda, maana kasema nusu ya kweli. Ni kweli walikuwa na haraka. Ndege ya kivita Fw 190 ya Mjerumani ilitokea 1941 ikawa inaionea Mk V vibaya, wakachukua bodi iliyopo wakaibadilisha, na katikati ya 1942 skwadroni ya 64 pale kituo cha Hornchurch, karibu na London, wakaanza kupewa Mk IX. Lakini walipobadilisha WALIBADILISHA, pua ikarefuka, rejeta ikaongezwa, ekzosi zikaongezeka! Rubani hakupewa Mk V akaambiwa kimsingi ni ndege moja boss. Mabadiliko yale ndiyo yaliyowarudisha watu hai nyumbani, na ndiyo ninayolipia mimi laki tatu kasoro niyaone kwenye kabati langu.

Na hii habari ya uzito naomba tuimalize leo kwa sababu hata humu kuna watu wanaanza mapitio yao na "ni nzito mkononi". Nzito na nini? Hizi zinatengenezwa kwa aloi ya zinki. Hata kitasa kibovu cha mlango ni zinki na ni kizito. Uzito unakwambia wamemwaga zinki nyingi, basi. Tena zinki ina tabia zake, ikichanganyika na madini ya risasi kidogo tu kiwandani inaoza taratibu kwa ndani, inavimba, inapasuka nyufa kama tope la kiangazi, na hakuna dawa, unabaki na ndege nzito inayomeguka kama biskuti. Na ukingo wa nyuma wa bawa la Spitfire ni mwembamba kama wembe, huwezi kuupata kwa chuma cha kumwaga kirahisi, ndiyo maana yangu ina bawa nene kama chapati ya hotelini. Wazuri wanaweka plastiki pale panapotaka wembamba, antena, milango ya magurudumu, mizinga, na wala siyo uchakachuaji.

Mimi sasa hivi ndege nikiipokea naangalia kivuli kwanza. Naiweka chini ya taa naiangalia kutoka juu, Spitfire bawa lake ni yai lililobanwa, likiwa na kona popote narudisha hata sijagusa kitu kingine. Kisha naigeuza tumbo. Kisha nyuso kwa nyuso nione miguu, maana ya Spitfire inasimama karibu karibu kama mtu aliyebanwa na haja, yangu imetanuka kama kipa. Mistari ya maungio ya mabati nayo, kwenye yangu imechimbwa kama mifereji ya maji machafu, zidisha mara 72 uone rubani angetumbukiza mguu. Rangi, alama za duara, mwanya kati ya bawa na bodi (wangu unapita kadi ya simu), hivyo vinafuata. Cheti na namba ya toleo siviangalii tena, karatasi hata mimi naweza kuprinti pale stationari kwa mia mbili.

Kosa langu nalijua, nililipa kwa picha ya boksi, sikuomba picha ya tumbo. Msinikumbushe. Lakini jibu lake la mwisho ni kwamba boksi limefunguliwa kwa hiyo hairudishwi. Sasa ningeiona vipi bila kufungua, kwa maombi?

Nimempa mpaka Ijumaa. Hela siyo lazima irudi yote, aniletee Mk IX ya kweli nimwongeze hata elfu hamsini. Jina lake msiniombe pm sitatoa kabla ya hiyo Ijumaa.

Na nyie mliopost Mk IX zenu humu mwaka jana mkasema "moto" (yaani kali kweli), kuna wawili nimeangalia tena picha zenu na nina wasiwasi. Chukueni rula, pimeni kutoka ncha ya pua mpaka mwisho wa mkia, mlaze chali mpige picha, mweke hapa chini. Nataka kuona nani ana 131.