Wakuu, kwenye mirathi kila mtu anadai "haki yake", sasa haki ni ipi?

Mtoto_wa_Ujiji:
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo maana kichwa kinauma. Mzee wetu katangulia mbele ya haki mwaka jana, ameacha nyumba moja hapa Ujiji, sisi ni Waislamu, tuko vijana wawili na dada mmoja, na bi mkubwa yupo hai alhamdulillah. Jana tumekaa kikao na mababa wadogo kikavunjika vibaya. Mdogo wangu anasema anataka haki yake, yaani mafungu mawili kwa moja la dada. Dada anauliza haki yake yeye iko wapi, maana ndiye aliyemuuguza mzee, alikuwa anamgeuza kitandani, anafua mashuka usiku wa manane sisi wengine tuko kwenye mishe zetu. Baba mdogo anasema haki ni kugawa sawa kwa sawa watu washike vyao. Bi mkubwa alinyamaza muda wote, mwishoni akasema tu "mnagawana mabati yangu", akainuka kwenda kuswali. Dogo kaapa hakyamungu anaenda mahakamani. Na mimi ndio wanataka niwe msimamizi. Wote wanatamka haki, na ukimsikiliza kila mmoja unaona anasema kweli, sasa mimi nishike ya nani?

Mama_Mawese:
Pole sana mwanangu. Hapo watu watatu wametaja kitu kimoja kwa jina na kila mmoja ana chake kichwani. Mdogo wako anasema haki akimaanisha fungu lake, stahili, kile ambacho hata umchukie namna gani lazima umpe. Dada yako anasema haki akimaanisha kutendewa haki, jasho lake lionekane. Baba mdogo yeye anataka usawa, na usawa wakati mwingine ni haki wakati mwingine ni dhuluma iliyovaa kanzu. Na hiyo hakyamungu ya dogo ni kiapo tu cha hasira, usiihesabu. Sasa ukiwaambia "jamani tutende haki" kila mtu anaitikia ndiyo, kikao kinaisha vizuri, siku ya kugawa ndio mnashikana mashati. Kwenye kikao kijacho piga marufuku hilo neno, mtu aseme anataka nini na kwa nini. Fungu liitwe fungu, deni liitwe deni, shukrani iitwe shukrani.

Kijana_wa_Mwanga:
Mie haki naijua moja tu, ile ya kukitendea haki chakula 😂 leo kuna mgebuka hapa na ugali wa muhogo nimeutendea haki mpaka mwenye mgahawa kaja kunipa mkono. Poleni lakini mkuu, mambo ya mirathi yanatenganisha watu hata misibani hawaendeani tena.

Abuu_S:
Assalaam alaykum. Ndugu muulizaji, kabla hamjagombania mafungu kuna mambo yanatangulia na watu wengi huku wanayaruka. Kwanza gharama za mazishi, halafu madeni ya marehemu, halafu wosia kama upo, nao usizidi theluthi, na mrithi haachiwi wosia mpaka warithi wenzake waridhie. Kinachobaki ndio mirathi. Mama ana thumuni, yaani moja ya nane, kwa sababu marehemu ana watoto. Zinazobaki ni sehemu saba za nane, hizo mnagawana watoto, wa kiume mafungu mawili wa kike moja. Kwa mfano tu, nyumba ikithaminiwa milioni 40, mama ana milioni 5, inabaki 35, mafungu ni matano, kila fungu milioni 7. Nyie vijana 14 kila mmoja, dada yenu 7. Hayo nimesema kama warithi ni hao tu uliowataja, kama wazazi wa marehemu wapo hai hesabu inabadilika.

Kuuguza mzazi ni thawabu kubwa lakini hakuongezi fungu. Ila kama dada alitoa hela yake kununua dawa na ilieleweka kwamba ni mkopo, hilo ni deni, linalipwa kabla ya mgao. Na nyie vijana mkitaka kumega kwenye mafungu yenu mkamuongezea, nani atawakataza? Mtu akishajua chake ni kipi ndio anaweza kukitoa kwa moyo.

Lakini mimi ningeanza na lile neno la mama. Anaposema mabati yangu ana maana gani?

Mtoto_wa_Ujiji:
Wa alaykum salaam ustadhi. Bi mkubwa alikuwa anauza mawese toka sisi wadogo, madumu yanakaa ukumbini mpaka nguo za shule zilikuwa zinanuka mawese. Mzee alisimamisha kuta, kupaua alipaua mama kwa hela yake, hilo hata mababa wadogo wanalijua ila jana hakuna aliyelitaja.

Abuu_S:
Basi jambo limebadilika. Mali ya mama siyo mirathi ya baba. Inatolewa pembeni kwanza, hesabu ya thumuni inaanza kwenye kile kilichobaki.

Mnyamwezi_Original:
Niko Tabora, miaka mingi nimeshinda kwenye korido za mahakama kwa hiyo naongezea kidogo. Alichosema ustadhi kuhusu mama hata sheria zetu zinakitazama. Kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani mwaka 1983, ndiyo iliyosema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ile ilikuwa talaka siyo kifo, na Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu kwa sababu mahakama iliona alishapewa hela na mumewe akazitumia vibaya, lakini kanuni ilibaki. Na mama yenu siyo kazi za ndani tu, katoa hela taslimu.

Pili, mwambie dogo asitishe watu na mahakama, mahakamani mnaenda tu hata mkipatana. Unachukua cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo unafungua shauri mahakama ya mwanzo, linatangazwa ili mwenye pingamizi alete. Mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi, kama aliishi Kiislamu ndio mnaenda na alichosema ustadhi. Mngekuwa mnaenda kimila dada yenu angekuwa pabaya zaidi, ule waraka wa sheria za mila wa mwaka 1963 unamweka mtoto wa kike daraja la mwisho kabisa.

Na wewe ukiteuliwa ujue msimamizi siyo mwenye mali. Unakusanya, unalipa madeni, unagawa, unarudisha hesabu mahakamani basi. Huku kwetu nimeona msimamizi anapokea kodi ya vyumba miaka mitatu anakula peke yake, ukimuuliza anasema mahakama imenipa mimi.

Mama_Mawese:
Na hiyo nyumba ina wapangaji?

Mtoto_wa_Ujiji:
Vyumba viwili vya uani mama. Kodi anapokea dogo.

Mama_Mawese:
Ahaa. Basi kikao kijacho aje na daftari.