Kiwandani au hotelini? Nilinganishieni likizo ya uzazi na ya kuuguza

MwanaNgamiani
Asalaam aleikum wana Tanga. Nina barua mbili za kazi na Ijumaa natakiwa nijibu. Moja ya kiwandani, laki nne na nusu, mkataba wa miaka miwili. Nyingine ya hoteli ndogo Raskazone, laki sita, ila mkataba ni wa miezi mitatu mitatu, "tunahuisha tukiridhika". Nimeolewa mwaka wa pili huu, mtoto tunamtafuta, na mama yangu yuko Muheza ana kisukari. Mwaka huu nimeshamlaza hospitali ya Bombo mara mbili. Nani analipa zaidi hilo naliona mwenyewe. Nataka kujua wapi nitazaa na kuuguza bila kununiwa.

Makuti
Laki sita mwenzangu! Chukua. Mimba ikija mtajua hukohuko.

BiKarani
Mwanangu, huyo wa makuti muache na makuti yake. Nimeshika mafaili ya watumishi miaka kumi na tisa. Kwenye karatasi hao wawili wako sawa, maana wote wanabanwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Uzazi siku 84 kwa mshahara kamili, ukijaaliwa pacha 100. Ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 za pili nusu, na cheti cha daktari kiwepo. Likizo ya mwaka siku 28. Kulinganisha namba hizo ni kumaliza bando tu.

Tofauti iko kwenye mkataba. Sheria hiyohiyo inasema asiyetimiza miezi sita kazini hana likizo ya malipo. Kuna kifungu kinachomwokoa aliyefanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, jumla ikapita miezi sita. Huyo anahesabiwa. Lakini mwajiri anayekijua kifungu hicho hakuhuishii pale tumbo linapoanza kuonekana. Kukuachisha kazi kwa ajili ya mimba ni kosa moja kwa moja. Mkataba kuisha na kunyamaziwa, hapo wewe ndiye wa kutafuta ushahidi, na tumbo lako mbele.

KoronaMkonge
Kweli tupu. Mke wangu alikuwa kibarua shamba la mkonge, anaanika singa. Kujifungua kwake hakukuwa na barua wala likizo, wiki ya tano akarudi juani kwa sababu unga umekwisha.

BiKarani
Na wiki sita za mwanzo mzazi haruhusiwi kurudishwa kazini mpaka daktari aseme anaweza. Msimamizi alijua?

KoronaMkonge
Msimamizi alijua kuhesabu mizigo. Shamba alipo mke wangu sasa lina tawi la TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, angalau kuna mtu wa kumwendea.

MwanaNgamiani
Shikamoo Bi Karani, ahsante. Na mama je? Za kuuguza ni ngapi?

BiKarani
Marahaba. Hapo sheria imekunja mkono. Ziko siku 4 za malipo, mwanao akiugua au akifariki, au akifariki mume, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu yako. Soma tena pole pole: mzazi *kuugua* hayumo. Na 4 hizo ni za mzunguko mzima wa miezi 36, si za kila msiba. Ukifiwa mara mbili, za ziada ni hisani ya mwajiri na hazilipwi. Mumeo naye, ukijifungua, ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Kwa mama, njia moja ni kuomba siku chache zikatwe kwenye 28 zako. Ukiomba mwenyewe inakubalika. Ila mwajiri asije akakwambia likizo ya mwaka ndiyo hiyohiyo ya uzazi. Hilo halimo.

ShangaziDuga
Siku 4! Mimi nilifiwa na mume, na eda ni miezi minne na siku kumi. Bosi wangu ana duka la jumla, hana HR wala fomu. Kila Alhamisi bodaboda alileta vitabu vya hesabu nyumbani, napiga hesabu ndani, anavirudisha Jumamosi. Mshahara nilipata wote. Mwenzangu, kampuni kubwa yenye mashine ya kubonyeza kidole, alifiwa mwaka huohuo. Siku 4, likizo yake ya mwaka, kisha barua ya utoro. Kwa hiyo Bi Karani, udogo wa mahali si ubaya.

BiKarani
Sikatai, shoga. Lakini bosi wako akiuza duka, mwenye duka mpya utamwonyesha karatasi gani?

ShangaziDuga
Hapo umenishika.

NesiWaZamu
Nawasoma nikiwa usiku. Kwa aliyejifungua njiti, marekebisho ya 2025 yanamwongezea muda juu ya zile 84. Wengi wodini hawajui, wanahesabu siku mtoto bado yuko kangaroo, kifuani kwa mama. Na ukirudi kazini una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.

FundiMita
Uliza na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Fao la uzazi linataka michango ya miezi 36. Mikataba ya miezi mitatu huwa na mapengo, mimi ya dada yangu niliyaona kwenye taarifa yake.

BiKarani
Mwanangu, nenda kote kuwili uulize swali moja tu: wa mwisho kujifungua hapa, yuko wapi sasa?

MwanaNgamiani
Nimerudi. Kiwandani yule karani hakujibu, aliita tu stoo. Akatoka dada mmoja, mtoto ana miezi minane, anatoka saa tisa kwenda kunyonyesha. Ila kasema likizo yake iliingia kwa kusukumana, alichelewa kutoa taarifa, kumbe inatakiwa miezi mitatu kabla.

Hotelini meneja alicheka. "Hapa hatujawahi kupata mzazi." Wasichana tisa, hoteli ina miaka sita.

Makuti
Labda wanatumia uzazi wa mpango 😂

ShangaziDuga
Wewe nyamaza.

MwanaNgamiani
Ijumaa nasaini kiwandani. Kuhusu mama wamesema yaleyale ya Bi Karani, siku zangu zikatwe. Nimemwomba ahamie kwangu Ngamiani kabla ya mfungo, kasema kuku wake atamwachia nani.